Mstari wa Arobaini na Moja

Wewe unayecheka, umewahi kukaa gizani na mashine inayokataa kuzima? Mimi nina digrii na siamini majini, lakini Shamimu, rafiki yangu, hadanganyi.

Ilikuwa mwaka 2003, Korogwe, kwenye chumba cha intaneti kisicho na dirisha. Alikuwa anarekebisha ukurasa wa tovuti wa wafugaji wa Mazingara. Wafadhili walitaka ukurasa usio na kosa ifikapo saa sita mchana, la sivyo kisima walichowaahidi kiende kijiji kingine. Kiu, eti, ilipimwa kwa tovuti. Programu ya kukagua ilitaja makosa thelathini. Akayamaliza, likabaki moja: mstari wa arobaini na moja, alama ya msimbo imefunguliwa, haikufungwa. Mstari wenyewe ulikuwa mtupu. Akaufuta, ukarudi.

"Dada, zimebaki dakika kumi," alisihi Kisemei, katibu wao, aliyeleta orodha ya wanachama wanaogawiwa maji, iwekwe kwenye ukurasa. "Ng'ombe wanakwisha."

Umeme ukakatika. Modemu ikaendelea kuvuma, na ndani ya mvumo ule mtu akakohoa. Umeme uliporudi, mstari ulikuwa na jina.

"Nasinkoi ni nani?"

"Usimtaje! Kwetu marehemu hatajwi."

"Mbona kwenye orodha yako hayumo?"

"Nilimtoa. Wafu hawaandikwi."

Kikohozi kikasikika tena, karibu zaidi. Kisemei akaketi sakafuni.

"Nilimtoa akiwa hai, dada. Alikuwa mgonjwa tu. Alikuwa ananiomba maji."