Treni ya Njia ya Tatu

Yaliyomkuta Bertilla wa Milanzi yalianza mchana wa kawaida, yeye na mumewe Modesti wakipukuchua mahindi uani. Ilikuwa miaka ile mitumba ilipojaa soko lote la Sumbawanga na mashirika ya umma yakawa yanapunguza watu. Modesti alikuwa amesomea kazi ya reli Ujerumani Mashariki kwa miaka sita. Aliporudi, nchi iliyomsomesha ilikuwa imeshamezwa na jirani yake, na huku nyumbani hakuna aliyetaka mtu wa reli. Ufipa yenyewe haina reli. Akashika jembe, akawa mtu wa kunyamaza.

Basi siku hiyo Kija, Msukuma aliyechunga ng'ombe ng'ambo ya shamba lao, akapiga hodi. Alisema ng'ombe wake wamekataa kuvuka sehemu moja. Wamesimama mstari mmoja, kama wamezuiwa na kamba. Kisha wote arobaini wakageuza vichwa polepole, kutoka upande wa bondeni kuelekea huku kwenye nyumba, kama wanaosindikiza kitu kwa macho. Kilipokwisha kupita, wakavuka. Alitaka kujua kama wenye shamba wamefukia kitu pale.

“Ilikuwa saa ngapi?” Modesti aliuliza.

Kija alisema saa nane na kitu. Modesti akaweka gunzi chini.

Walipomaliza kula ndipo alipomweleza mkewe jambo alilolificha miaka miwili. Stesheni aliyofundishiwa kazi kule Ujerumani ilikuwa ya mji mdogo, jengo la matofali mekundu, saa kubwa juu ya mlango, njia tatu za reli. Ilijengwa enzi za wafalme wao, kwa ajili ya kusafirisha makaa ya mawe na mazao ya wakulima. Kanuni kuu ya kazi ilikuwa moja. Kabla ya kuruhusu treni, unapiga simu stesheni ya mbele kuuliza kama njia iko wazi. Wakikubali, unainua kibao cha kijani, treni inaondoka. Halafu unangoja simu. Mpaka wenzako waseme imefika, treni hiyo iko mikononi mwako.

Njia ya tatu haikutumika. Mwaka wa mwisho wa vita kuu ya pili, treni ya wakimbizi, wengi wao kina mama na watoto, ilisimama hapo kungoja ruhusa. Simu ya mbele haikujibiwa, na mkuu wa stesheni hakuinua kibao. Ndege za mabomu zikaikuta palepale. Wafanyakazi wa zamani hawakupenda kulizungumza. Walimwonya tu kwamba ikishapita saa nane mchana, asitazame njia ya tatu.

Siku moja ya theluji, akiwa peke yake kwenye zamu, alitazama. Mabehewa yalikuwepo. Nyuso zilijaa madirishani, kimya. Aliwaonea huruma. Akainua kibao.

Treni iliondoka bila sauti. Alingoja simu hadi zamu ikaisha. Hakuna aliyepiga.

“Iko njiani bado,” alimnong'oneza mkewe. “Wa kuipokea ni mimi.”

“Si uliacha kazi ile, Baba Silvana?”

“Sikukabidhi zamu.”

Bertilla hakulia wala hakucheka. Alifunika ugali uliobaki. Asubuhi, kama alivyoombwa na mumewe, alimpeleka binti yao Silvana kwa bibi yake, kijiji cha Kaengesa, akarudi na basi la mchana.

Kila siku ng'ombe walisimama karibu zaidi na nyumba. Mara kwenye mfereji. Mara kwenye maharage. Siku ya nne vikombe vilitetemeka kabatini, na nguo alizoanika zikanuka moshi wa makaa ya mawe. Modesti alisema treni isiyopokelewa haisimami. Inapita tu juu ya chochote kilichoko mbele yake.

Siku ya tano mvua ilinyesha asubuhi, ikakatika. Modesti alivaa shati lililopigwa pasi, akafunga vifungo hadi shingoni. Akatoka. Bertilla alimfuata mpaka kwenye kona ya jiko, akasimama hapo.

Ng'ombe walikuwa wamejipanga. Kija alikuwa amevua kofia.

Modesti aliinua mkono. Maharage yakalala mistari miwili, sambamba, kutoka bondeni mpaka miguuni pake. Upepo haukuwepo. Akatamka maneno ya Kijerumani, kwa sauti tulivu ya kutangaza. Kisha akainama kidogo, kama anayesikiliza. Akaitikia kwa kichwa. Akanyoosha mkono kuelekea nyumba za Milanzi, kama mtu anayewaelekeza wageni njia.

Alifanya hivyo mara nyingi. Mara nyingi sana.

Halafu akainua mguu mmoja hadi usawa wa goti, akaukanyagisha hewani, kwenye ngazi isiyoonekana. Ukakaa. Akainua wa pili.

Hakuwepo tena.

Bertilla aliingia jikoni, akasonga ugali wa watu wawili. Mwili wake wote ulikuwa kama mguu uliokaliwa ukafa ganzi. Aliona mwiko unazunguka. Hakuona kama ni mkono wake.

Kija alikuja mlangoni. “Dada,” alinong'ona, “njoo uone.”

Kwenye tope kulikuwa na nyayo za Modesti, zinakwenda, zinaishia katikati ya ile mistari miwili. Hapohapo zilipoishia zilianza nyingine. Viatu vya visigino vyenye misumari. Viatu vya kike. Viatu vidogo, vingi. Zote zilielekea upande wa nyumba. Hakuna zilizorudi. Kija alikuwa amezifuata hadi barabarani, na hapo zilitawanyika, kila jozi na mlango wake.

Polisi waliandika kwamba Modesti ametoroka. Ndugu zake walimtafuta hadi Kaoze, wakachoka. Kija alihamisha ng'ombe. Silvana alibaki Kaengesa, na mama yake hakumwita.

Kwenye kizingiti cha Bertilla palikuwa na jozi moja tu ya nyayo, za viatu vya mtoto, ncha zikitazama ndani. Aliifuta. Kesho yake ilikuwepo tena. Ilipofika Agosti ardhi ya Ufipa ilikuwa imekauka hadi kupasuka, na yeye bado aliifuta kila asubuhi. Tope lake lilikuwa bichi.