Siti ya Nyuma

Saa sita mchana duka la vipuri lilikuwa limefurika, na kisa chote kilikuwa simu moja. Wanaume saba walikuwa wameikodolea macho, wakibishana juu ya picha ya gari lililofunikwa vitambaa vya kuficha umbo lake: kizazi kipya cha lile gari la michezo la Kijapani ambalo kila mwaka husemekana linatoka, na kila mwaka halitoki. Mwenye simu alivaa shati jeupe lililopigwa pasi likakakamaa, na aliongea kama mtu aliyelala kiwandani.

"Watu wawili tu," alisema. "Siti za nyuma wamezifuta. Andikeni popote."

"Mmeziba kaunta," ilisema sauti nyuma yao. "Na hilo gari lina siti za nyuma."

Aliyesema alikuwa mwanamke wa gauni la kijani, mabega yamejaa vumbi la sponji, chaki ya fundi imechomekwa kwenye nywele. Alishona viti vya magari katika karakana ya mtaa wa pili, na wateja walimwita Sindano, kwa kazi yake na kwa mdomo wake. Alinyoosha kidole hadi kwenye kioo cha simu, penye dirisha la gari lililoachwa wazi.

"Ona kishikio begani mwa kiti cha mbele. Ni cha kukunja kiti ili mtu apite nyuma. Nani ahangaike kukiweka kama nyuma hakuna anayekaa?"

Wanaume wakaangua kicheko. Mwenye shati jeupe aliikuza picha kwa vidole.

"Miaka minne nalifuatilia gari hili, dada, na kishikio hicho sijakiona."

"Unaangalia taa tu. Nipisheni, nataka uzi na sponji."

Mwenye shati jeupe alimfuata hadi nje akibeba sponji ambazo hakuombwa kuzibeba. Alikuwa mchapishaji wa stika za magari, na muda wa mapumziko alichora magari yasiyotoka bado, akayaweka mtandaoni, watu wakayafuata kwa maelfu. Wenzake walimwita Tetesi. Sindano alijiambia kwamba mtu wa namna hii hafai, kisha akampa namba yake.

Simu zikaanza.

"Sindano wangu, umekula?"

"Nimekula. Sema, najua kuna jambo linakuwasha."

"Wanasema litakuwa na injini ndogo."

"Wanasema kina nani?"

"Wanasema tu."

"Basi wanasema pia kwamba nakupenda."

"Wanasema kina nani?" aliuliza Tetesi, na Sindano akacheka hadi akajidunga kidole.

Sindano aliishi nyuma ya karakana na mama yake, mwanamke mfupi, mkali, mwenye magoti mabovu na masikio mazima. Tetesi alipofika kusalimia, mama alimtazama juu hadi chini.

"Hilo gari lako linatoka lini?"

"Karibuni, mama."

"Na wewe unatokea lini kwa wazee wetu kujieleza?"

Siku hiyo ya Jumapili, akimsindikiza Tetesi, Sindano hakuzungusha maneno. Alimweleza kwamba mchumba wake wa zamani alitaka mama ahamishiwe kwa shangazi, na kwamba yeye alimwonyesha mlango. "Mimi na mama hatutengani. Anayenichukua mimi anamchukua na yeye. Kafikirie, unijibu Ijumaa."

Tetesi alifungua mlango wa kigari chake. "Nitakujibu."

Wiki ile haikukalika. Sindano alishona kiti kimoja mara mbili kwa sababu mshono ulipinda, akainuka kuchungulia mlangoni, akarudi, akaigeuza simu kifudifudi, akaigeuza tena. Alhamisi mchana, akiwa na gundi vidoleni, aliuona mtandaoni mchoro mpya wa Tetesi. Gari lilikuwa na viti viwili. Nyuma ya viti palikuwa na ubao mtupu wa kuwekea mkoba, na begani mwa kiti cha mbele kishikio hakikuwepo.

Moyo ulimuuma kama jino.

"Tetesi ameshajibu," alimwambia mama.

"Amesema nini?"

"Amechora."

Simu ilipolia, aliipokea mara moja tu.

"Kishikio umekipeleka wapi?"

"Kishikio gani, mpenzi? Kuna tetesi mpya kwamba—"

"Siku moja kabla ya Ijumaa?"

Akakata. Ijumaa nzima aliiacha simu ndani ya droo ya mkasi, na siku nzima aliisikia ikilia.

Jumamosi asubuhi Tetesi aliingia karakanani akihema, shati jeupe limechafuka kwa kutu, begani amebeba siti ya nyuma ya gari dogo, imeraruka, panya wamekula pembe moja. Aliitua sakafuni.

"Ni ya kigari changu. Niliing'oa nipate nafasi ya marobota ya stika."

"Nani amekuuliza?"

"Nilipochora nilijiambia ni habari ya gari tu. Nilijidanganya. Niliogopa, Sindano. Mambo yangu yote ni ya huenda na labda, na wewe ulitaka neno moja la hakika. Nikakimbia kwa kalamu."

"Umeniumiza sana."

"Najua."

Machozi yalimtoka Sindano, akayafuta kwa mkono wa gundi na kuharibu zaidi. "Na hii takataka ya nini?"

"Ishone. Mpime mama kwanza, magoti yake yasibanwe. Nataka kukuoa, na mama akae nyuma ananigombeza ninavyoendesha. Hilo si tetesi."

Mama aliingia kwa mlango wa nyuma, kumbe alikuwa amesimama pale muda wote. Akajishusha polepole juu ya siti iliyoraruka, akaiminyaminya.

"Nakaa upande wa kulia," alisema. "Kushoto kunanitia kichefuchefu. Mwanangu, nipime."

Sindano akapiga magoti, akavuta utepe wa kupimia. Mfukoni mwa Tetesi simu ilitetemeka, ikanyamaza, ikatetemeka tena, mfululizo, kama inavyofanya habari kubwa ikitoka.

"Simu hiyo," alisema mama. "Huenda gari lenu limetoka."

"Huenda, mama," alisema Tetesi. Alichomoa chaki kwenye nywele za Sindano, akainama kando yake.

"Sentimita hamsini na mbili," alisema Sindano, na Tetesi akaandika sakafuni.