Asante ya Kulazimishwa

Profesa Eusebio Cabañas alikutwa amelala kifudifudi juu ya meza ya maabara ya mimea, shavu limekandamiza kipande cha tikiti maji. Karibu na mkono wake ilisimama pembe ya tereré, kinywaji baridi cha majani ya yerba, na mrija wake, na jagi ambalo barafu yake ilikuwa haijayeyuka yote.

Inspekta Ramona Ovelar alipofika, Kitivo cha Sayansi cha Yvyraty kilikuwa kimeshatoa hukumu. Tikiti ndilo lililoua. Hakuna mtoto wa Paraguay asiyeonywa na mama yake kwamba tikiti na tereré vikikutana tumboni, umekwisha. Na Cabañas, mtu wa majivuno, kila walipokuja wanafunzi wapya alivila na kuvinywa pamoja hadharani ili kuwacheka bibi zao. Safari hii bibi walikuwa wamecheka wao, na maprofesa wenye shahada tatutatu walisimama ukumbini wakitikisa vichwa.

Ovelar hakutulia. Alizunguka meza, akarudi, akazunguka tena. Yeye mwenyewe tangu azaliwe hajathubutu kuvichanganya vitu hivyo, lakini hakuwa tayari kulifunga jalada kwa jina la tunda.

Mtu wa kwanza kumfuata alikuwa Daktari Nery Insfrán wa fizikia, rafiki wa marehemu. Alinyoosha mikono yote miwili.

"Nifunge pingu. Nimemuua mimi."

"Kwa nini?"

"Kwa tikiti. Nililinunua mimi, nikalikata mimi."

"Daktari, wewe unafundisha fizikia."

"Najua. Ila mama alinikanya."

Alilia kama mtoto, na Ovelar hakujua amcheke au amhurumie.

Mchana mkemia wa serikali alipiga simu. Tikiti safi, maji ya jagi safi. Ila ndani ya pembe, katikati ya majani ya yerba, kulikuwa na unga wa mzizi wenye sumu kali. Kamanda wa Ovelar alifurahi. Mshukiwa ameshakiri, wanangoja nini? Alitaka Insfrán afikishwe mahakamani kesho yake asubuhi. Ovelar alijua kwamba mjinga yule angekubali kila kosa watakalomsomea, azeekee gerezani kwa ajili ya tikiti.

Asubuhi ya kifo walikunywa tereré watatu, marehemu na Insfrán wakiwamo. Wa tatu alikuwa Daktari Liduvina Achucarro, mtaalamu wa mimea, mpole, mikono imefumbatwa mapajani.

"Pembe moja, mrija mmoja, Inspekta," alisema. "Ingekuwa na sumu, tungekufa sote."

"Mlikunywa pamoja mpaka mwisho?"

"Mpaka mwisho."

Ovelar alimwendea Insfrán mahabusu, akavuta kiti.

"Nani alikuwa akimimina?"

"Liduvina."

"Nawe ulikunywa mpaka mwisho?"

"Hapana. Nilisema asante mapema."

Ovelar aliacha kutikisa mguu. Penye tereré, kumrudishia mmiminaji pembe na kusema asante ni kujitoa, hupewi tena.

"Kwa joto lile? Ulikuwa umeshiba maji?"

Insfrán aliinamisha kichwa kwa aibu. "Aliniambia yeye niseme. 'Nery, sema asante, uende zako.' Iliniuma, Inspekta. Hata mlevi wa njiani hafukuzwi penye tereré."

Kikulacho ki nguoni mwako. Ovelar aliondoka mbiombio bila kuaga.

Alimkuta Liduvina kwenye chumba cha mahojiano, na Sajini Fretes akiandika maelezo.

"Kwa nini ulimfukuza Insfrán?"

"Sikumfukuza."

"Ulimwagiza aseme asante. Mmiminaji gani wa nchi hii hufanya hivyo?"

"Nery hakunikosea kitu," alisema Liduvina. "Sikutaka afe."

"Cabañas alikukosea nini?"

Hapo maneno yakamtoka kama yaliyokuwa yamefungiwa. Mama yake, Sotera, alikuwa muuza mitishamba sokoni. Ndiye aliyempeleka Cabañas porini na kumwonyesha mmea ambao hakuna mwanasayansi aliyewahi kuuandika, jani lake dawa, mzizi wake kifo. Cabañas akaapa kuupa jina la mama katika kitabu chake. Mama akaugua, akawa kila siku anauliza kama kitabu kimetoka. Kilipotoka, mmea ulikuwa na jina la seneta aliyekijengea kitivo paa.

"Shukrani ya punda ni mateke," Liduvina alisema. "Na jina la mmea likishachapishwa, halibadilishwi. Mama alikufa nikiwa nimemdanganya kwamba kitabu bado. Kwa hiyo Nery alipoondoka nilimnywesha Eusebio mzizi uleule, nami sikunywa."

Sajini Fretes aliinua kalamu. "Sumu ya mmea gani, Inspekta? Hapa panataka jina."

Ovelar alimtazama yule mwanamke, na huruma ikamshika asivyotarajia. Lilikuwa jambo dogo, lakini aliliweza.

"Andika Sotera."

Uso wa Liduvina ulichangamka kwa mara ya kwanza siku ile. Akaomba asomewe, alisikie kwa masikio yake.

Fretes akakohoa, akasoma kwa sauti yake ya mahakamani: "Marehemu aliuawa na Sotera, sumu isiyo na tiba."

Kutoka mahabusu ilisikika sauti ya Insfrán akimuuliza askari kama ni kweli halikuwa tikiti.

"Futa," Liduvina alisema, machozi yakimtiririka. "Tafadhali, Inspekta. Andika jina la seneta."