Gemu ya Kugawa Samaki

Jua likiwa la utosi, kijiji cha Atafu, kisiwani katika Pasifiki, husinzia. Bahari ya ndani, iliyozungukwa na visiwa vidogo, hutulia, na mwanga wake hupanda ukutani na kuchezacheza kwenye dari. Falaniko hulala chali mkekani na kuutazama. Mara anaona kundi la samaki, mara anaona usingizi.

Siku hiyo usingizi haukuja. Alikuwa na jambo moyoni.

Falaniko ndiye mgawa samaki wa kijiji. Mashua zikirudi, samaki hupangwa mchangani, naye huwagawa kwa kila nyumba. Aliyevua na asiyevua, mjane na mtoto wa jana, wote wana fungu lao. Mgao huo huitwa inati. Watoto husimama pembeni na vikapu, wanangoja nyumba zao ziitwe. Kazi hiyo ameifanya miaka ishirini.

Lakini mara mbili sasa nyumba yake iliitwa na kikapu hakikuwapo. Lepeka, binti yake wa miaka kumi na mmoja, alikuwa shuleni kwenye darasa la jioni la gemu za kompyuta. Wenzake kumi walikuwa huko pia. Falaniko aliumia. Aliona watoto wakienda zao mmoja mmoja na inati ikibaki na wazee, mpaka siku moja isiwe na mtu wa kuirithi.

"Ijumaa ndiyo mwisho," alimwambia mkewe, Luhia. "Gemu basi."

Luhia hakubishana naye. Alimwomba tu aende akaone kwanza, maana asiyeona hana la kuhukumu. Falaniko akaenda, shingo upande.

Darasani watoto kumi na mmoja walikaa kwenye mikeka, wakizunguka kompyuta nne. Palikuwa kimya kuliko alivyotegemea. Mwalimu Makalita alimkaribisha kwa heshima, akampa nafasi karibu na dirisha.

"Nimeambiwa mnacheza," Falaniko alisema.

"Kucheza ni sehemu ndogo, mzee wangu. Hapa wanatengeneza gemu wenyewe."

Akamweleza taratibu. Kompyuta haina akili yake. Hufuata maagizo, moja baada ya jingine, na orodha ya maagizo hayo ndiyo programu. Mtoto akitaka samaki aogelee kwenye kioo, lazima aandike aende upande gani, hatua ngapi, na afanye nini akigonga mwamba. Kwa kuwa anaipenda gemu yake, hachoki kusahihisha. Ndivyo anavyojifunza hesabu, na kupanga mawazo yake.

"Na huyu wangu ametengeneza nini?"

Lepeka aliinamisha kichwa. Akabonyeza kitufe.

Kioo kikawa buluu, buluu ile ya maji ya ndani asubuhi. Samaki ishirini wakashuka polepole juu ya mchanga mweupe. Pembeni palikuwa na nyumba sita. Falaniko alisahau kuta za darasa. Ilikuwa kama ndoto zake za mchana, ila hii wengine waliiona pia. Samaki mmoja akaenda nyumba ya kwanza, mwingine ya pili, mpaka ya sita, kisha mgao ukaanza upya. Binti yake alikuwa ametengeneza inati.

Mara akakunja uso. Samaki walikuwa wamekwisha. Nyumba mbili za kwanza zilipata wanne wanne, na nyingine nne watatu watatu.

"Hii si inati," alisema. "Huu ni wizi. Nyumba moja inakula, jirani anatazama?"

Machozi yakamlengalenga Lepeka. "Baba, niliiandikia igawe mmoja mmoja mpaka waishe. Sikujua itafanya hivyo."

"Si kila mtu anajua wakibaki wachache hufanywaje?"

"Kila mtu wa hapa," Mwalimu Makalita alisema kwa upole. "Kompyuta si mtu wa hapa. Ni mgeni ambaye hajui hata lililo dhahiri. Mwambie, mzee."

Falaniko akainua mikono kama anayegawa. Mikono yake ilijua. Ulimi wake haukuwahi kuulizwa. Akafumba macho, akajiona mchangani, maji yakimgusa visigino, samaki wakimeta. Akasema polepole, kama mtu anayesema usingizini.

"Kabla ya kuanza duru, hesabu waliobaki. Wakitosha nyumba zote, gawa. Wasipotosha, simama. Shika kisu. Wakate vipande, kila nyumba ipate sawa."

Lepeka alikuwa anaandika. Kama wanatosha, gawa. Kama hawatoshi, kata. Akabonyeza tena. Kila nyumba ikapata samaki watatu. Wakabaki wawili. Gemu ikasimama, kisu kidogo kikatokea, na kila samaki akawa vipande vitatu. Vipande sita vikaelea hadi nyumba sita.

Falaniko aliomba aone tena. Akaona mara nne. Hakusema lolote juu ya Ijumaa. Alikubaliana na mwalimu jambo moja tu: mashua zikirudi, kompyuta zizimwe na watoto waje.

Wiki iliyofuata mashua zilirudi zimejaa. Watoto kumi na mmoja walikuja mbio, vikapu mikononi, lakini hawakusimama pembeni. Walimzunguka. Huyu aliuliza kwa nini anaanzia upande ule. Yule aliuliza samaki mkubwa huhesabiwa vipi. Mwingine alitaka kujua nyumba yenye mtoto mchanga huongezewa lini. Miaka ishirini hakuna mtoto aliyewahi kumwuliza kitu.

Falaniko aliweka chini samaki aliyemshika, akachuchumaa mchangani, akaanza kuwajibu mmoja mmoja. Wanawake majikoni walilalamika kwamba maji yanachemka bure. Hakuwasikia.