Jora la Bi Jokha

Haya yalimpata Azza, jirani yetu wa hapa Ibra, Oman, na mwenyewe hapendi kuyasimulia. Yalianza siku ya kufua, asubuhi njema tu, chai bado iko mezani. Shangazi yake, Bi Jokha, alikuwa kitandani katika chumba cha uani, figo zimechoka. Kama wazee wengi waliotoka Unguja, sanda yake aliiweka tayari sandukuni pamoja na karafuu maiti. Ila yake haikuwa ya dukani. Ilikuwa jora la babu yake la merikani, kile kitambaa cha pamba cha Kimarekani, halijafunguliwa tangu enzi zake.

"Lifue, utoke wanga wa kiwandani," alimwambia Azza. "Mnizike kwa hilo. Niahidi, mwanangu."

Azza akaahidi. Nani atamkatalia mgonjwa?

Binti yake Azza, Rahila, alikuwa amerudi karibuni kutoka masomoni Marekani. Alipouona muhuri wa buluu kwenye pindo la kitambaa, alisita.

"Mama, alama hii nimeiona. Kule Massachusetts, kwenye makumbusho ya kiwanda. Pamba waliichuma watumwa wa kusini, kiwanda kikaifuma, kitambaa kikaletwa Zanzibar. Wameandika yote ukutani, kila mtu anasoma. Sisi yaani hatusemi kitu?"

Wakaenda kumwuliza Bi Jokha babu yake alifanya biashara gani kwa majora yale. Akamshika Azza mkono, akatabasamu.

"Babu alikuwa mtu wa haki, wallahi. Hakumpunja mtu. Bei yake ikijulikana bara zima: jora moja, mtu mmoja."

Alisema kama anayetaja bei ya vitunguu. Azza aliona kinyaa, kinyaa hasa. Huyu ndiye aliyemlea, akampenda kuliko mama mzazi, na sasa alitamani kuuchomoa mkono wake katika mkono ule.

Alilitumbukiza jora ndani ya beseni. Maji yakageuka manjano, mazito, yana utando wa mafuta. Harufu ikapanda: kwapa, usaha, mkojo uliolala. Akamwaga, akatia maji mengine na sabuni tele. Yakawa yale yale. Akasugua. Kitu kikamnata kidoleni, akakivuta. Kilikuwa kigaga cha kidonda, bado kibichi, na nywele fupi zimeganda humo. Azza alitapika pale pale kwenye karo.

Akalianika. Jua la Ibra hukausha tende, lakini jora halikukauka. Lilining'inia kambani likidondosha matone, na nzi wakatua juu yake kwa mistari, kama minyororo kwenye mwili wa mtu. Mstari pa shingo. Mstari pa vifundo vya mikono. Mstari pa miguu.

"Usimzike kwa hili, mama," Rahila alinong'ona. "Hajui anachoomba."

"Anajua," alisema Azza. "Ndilo linalonichefua."

Bi Jokha alifariki siku chache baadaye, alfajiri. Hapo Azza akavunja ahadi. Alinunua kitambaa kipya sokoni, cheupe, safi. Jora akalichoma nyuma ya nyumba, penye mitende. Liliungua taratibu na kunuka nyama, hata jirani akauliza wanapika nini. Kisha yeye na Bi Lamees, mwosha maiti, wakamwosha shangazi, wakamvika sanda mpya. Azza alifunga mafundo matatu kwa mkono wake: kichwani, kiunoni, miguuni. Moyo ukatulia. Angalau, alijiambia, ataondoka na kitu kisicho na jasho la mtu.

Kaka yake, Ghanim, ndiye aliyeshuka kaburini kumlaza shangazi yao. Aliporudi hakusalimia. Alikwenda moja kwa moja bombani, akaosha mikono. Akaosha tena. Akainusa, akaosha tena.

"Azza," alinong'ona, "ile sanda mlimvika mbichi?"

"Kavu. Mpya."

"Ilikuwa imelowa. Inateleza. Nikainama nilegeze mafundo, hayapo. Na ile harufu ya jasho na usaha..." Akaziba mdomo kwa kilemba chake.

Azza aliingia chumba cha uani. Kitanda kilikuwa kitupu, sanduku limefungwa kama alivyoliacha baada ya kulitoa jora. Akalifungua.

Sanda mpya ilikuwa ndani.

Ilikuwa imelala urefu wa sanduku, imekunjwa magotini, kwa vile sanduku ni fupi. Mafundo yote matatu yalikuwa yamefungwa, kwa mkono wake, anaujua. Akaibonyeza kwa kidole. Ikabonyea. Ndani mlikuwa na karafuu maiti tu, na hewa.

Rahila alikuwa amesimama mlangoni.

"Jora moja," alisema, na hakumalizia.

Sanda ile ingali sandukuni mpaka leo. Mafundo hakuna aliyethubutu kuyafungua, na kila wanapofunua kifuniko huikuta nyeupe, kavu, inanukia vizuri.