Kaburi Ndani ya Swichi

Siku hiyo ilianza kama siku nyingine yoyote ya Julai hapa Antsirabe: ukungu, baridi ya kung'ata masikio, na foleni ya wajawazito waliojitanda lamba, zile shuka zetu za kujifunika, hadi puani. Mimi nilikuwa mapokezi katika kliniki ya uzazi ya Daktari Lalao, nyumba kuukuu ya matofali mekundu yenye ngazi zinazolia hata usipozikanyaga. Nilikuwa nimekula vitumbua vyangu vya mchele, nimekunywa kahawa, roho yangu imetulia. Angetokea mtu wa kuniambia kwamba kabla wiki haijaisha nitakuwa naonja udongo mdomoni bila kuula, ningemshauri akapimwe malaria.

Mdogo wangu Tahina alikuwa amekuja kurekebisha mtandao. Ni fundi hodari, tena mwenye mdomo usiopumzika. Kliniki nzima ilikuwa imeunganishwa kwenye swichi moja, lile boksi la chuma lenye matundu ya waya, na humo kila kifaa kilikiona kila kifaa. Mgeni aliyekuja kumtazama wifi yake aliyejifungua aliweza kukaa barazani na kuchungulia kamera za wodi kwa simu yake. Daktari alipogundua hilo alikaribia kulia kwa hasira. Kwa hiyo Tahina akaitwa aigawe swichi ile iwe mitandao kadhaa isiyojuana, ingawa yote imo ndani ya boksi lile lile. Mafundi huiita VLAN.

"Ni kama wapangaji wa nyumba moja waliogombana," alinieleza. "Kila mtu na chumba chake. Ukimbishia hodi jirani, hujibiwi."

Akatengeneza mtandao wa ofisi, wa wodi, wa kamera na wa wageni. Yakabaki matundu yasiyokuwa na waya. Fundi makini hayaachi hivi hivi. Huyatupa yote katika mtandao mfu usiokwenda popote, ili mwizi akija kuchomeka waya wake asiambulie kitu. Mtandao huo nao hupewa jina. Wengine huuita ghala, wengine takataka. Tahina, kwa utani wake, akaandika Fasana.

Fasana ni kaburi la ukoo. Sisi wa nyanda za juu mtu anaweza kuishi katika kibanda kinachovuja, lakini kaburi la kwao ni la mawe, lina mlango, lina vitanda vya mawe vilivyopangwa juu kwa juu. Na hapa hata mtoto anajua kwamba kaburi haliandaliwi, likapewa jina, kisha likaachwa tupu. Kaburi tupu huita mtu.

"Futa hilo jina," nikamwambia.

"Dada, hili ni boksi la chuma. Halina mababu."

"Nimesema futa, Tahina."

"Nikimaliza kujaribu nitafuta. Nenda kawahudumie mama zako, wewe, kabla hawajazalia barazani."

Nikarudi mezani kwangu huku nimenuna. Kabati la swichi lilikuwa pembeni ya meza yangu, kwenye ile kona ya kaskazini mashariki ambako wenye nyumba wa zamani walikuwa wakiwaombea wazee wao, kwa hiyo nilimwona na kumsikia vizuri. Majaribio yake ni ya kuitana. Anakaa kwenye mtandao mmoja, anaita kifaa cha mtandao mwingine, na kazi ikiwa nzuri hakuna kinachojibu. Akaita wodi kutoka ofisini. Kimya. Akaita kamera kutoka kwa wageni. Kimya. Alikuwa anapiga mluzi.

Mwisho akachomeka kompyuta yake kwenye tundu la Fasana na kuita. Humo hakukuwa na kifaa hata kimoja, kwa hiyo hapo ndipo kimya kilitakiwa kuwa kizito kuliko kote.

Kitu kikajibu.

Mluzi ukakatika. Tahina akachomoa kila waya uliokuwa karibu na matundu yale, akaita tena. Kikajibu tena. Nilisimama nyuma yake nikiangalia kioo, na hata mimi nisiye fundi niliona kitu. Kifaa cha kawaida hujibu papo hapo. Hiki kilikawia, kama mtu aliyeitwa akiwa ndani kabisa ya nyumba. Halafu jibu lililofuata likaja mapema kidogo. Na lililofuata, mapema zaidi.

"Kinakaribia," nikanong'ona.

"Ni hitilafu tu," akasema Tahina, lakini alifunga kompyuta kwa haraka na hakunitazama usoni.

Adhuhuri hiyo simu ya getini ilipotea mtandaoni. Pale getini alikuwapo babu Razafy, mlinzi wetu, mzee mpole aliyependa kuwapigia watoto makofi ya kuwatania wanapotoka na mama zao. Alikuwa na simu ya mezani kama yangu, ya waya unaotoka kwenye swichi. Nilipompigia kumwambia chakula kiko tayari, simu haikulia. Tahina akafungua orodha ya matundu. Tundu la babu Razafy lilikuwa limehama kutoka mtandao wa ofisi. Lilikuwa Fasana.

Akalirudisha. Tukaliona likihama tena, peke yake, mikono ya Tahina ikiwa juu hewani.

Nilikwenda getini mbio. Babu Razafy alikuwa ameketi kwenye kiti chake, kofia ya ukindu kichwani, simu sikioni. Macho yake yalikuwa wazi. Nilimshika mkono na ulikuwa baridi kuliko ukungu wa nje. Ndani ya simu kulikuwa na sauti. Jiwe lilikuwa linasukumwa juu ya jiwe, taratibu, kama mlango mzito unaofunguliwa na watu wasio na haraka.

Daktari Lalao alisema ni moyo. Mzee wa umri ule, baridi hii, nani angebisha? Tahina aliufuta mtandao ule mbele ya macho yangu, na orodha ikabaki safi. Ndugu zake babu Razafy walikuja kumchukua wampeleke kwenye kaburi la ukoo wao, kule Betafo. Nilimlilia sana mzee yule. Lakini nakiri kwamba chini ya kilio nilipumua. Nilidhani kaburi lile la kwenye swichi limekula, limeshiba.

Siku ya mazishi tuliobaki kliniki tulikaa kimya kumheshimu. Mchana, saa ambayo kule Betafo walikuwa wanamlaza kwenye kitanda chake cha jiwe, mwanga wa simu yangu ya mezani ulipepesa. Kioo chake huonyesha jina la mtumiaji na mtandao wake. Jina langu lilikuwa pale pale, Bakoly. Chini yake pamebadilika.

Fasana.

Nilimwita Tahina kwa sauti isiyotoka vizuri. Akaja, akaona, akakaa chini sakafuni.

"Niliufuta, dada. Wewe ulikuwepo."

"Umerudi."

"Wamemzika kwao," akanong'ona. "Dada, wamemzika kwao. Kwa hiyo hili..."

Akaiangalia simu yangu. Nilielewa. Babu Razafy alikuwa na kaburi lake, amekwenda kulala kwao. Kaburi la Tahina lilibaki tupu kama lilivyokuwa.

Alichomoa waya wa simu yangu. Simu za namna ile hupata umeme kwenye waya huo huo. Mwanga haukuzimika. Akazima swichi nzima, manesi wakaanza kupiga kelele juu kwamba mashine za wodi zimepoteza mawasiliano, na mwanga wa simu yangu haukuzimika. Nikataka kukimbia. Hapo ndipo nilipogundua kwamba miguu siisikii.

Baridi ilianzia kwenye nyayo. Si baridi ya Julai. Ni baridi ya kitu kinachogusana na jiwe. Ilipanda hadi magotini, nikahisi ladha ya udongo kwenye ulimi. Niliogopa, nasema kweli, niliogopa hadi nikajikojolea pale kwenye kiti cha mapokezi, na sikuona aibu.

"Mpigie Neny," nikamwambia. Neny ni mama yetu.

Alikuja kwa riksho ya kukokotwa, amejifunga lamba yake nyeupe, pumzi zinamkwama. Tahina alimweleza huku analia. Neny hajui swichi ni nini na hakuuliza. Aliuliza jambo moja tu.

"Uliliandaa, ukalipa jina?"

"Ndiyo, Neny."

"Na hukuweka kitu ndani."

"Hapana, Neny."

Alimzaba kofi. Halafu akamkumbatia kichwa, akamwachia, akaenda nyuma ya jikoni. Pale palikuwa na mgomba wa Daktari usiowahi kuzaa kwa sababu ya baridi. Akaukata kwa shoka la kuni. Nilisikia kila pigo kutoka pale nilipokaa, na baridi ilikuwa imefika kiunoni.

Wazee wetu hufanya hivyo. Mtu akikosekana na kaburi likihitaji mtu, hulazwa shina la mgomba badala yake. Neny alilikata shina lile kimo changu. Alinipima mwenyewe, kwa kamba, kutoka utosini hadi kwenye visigino nisivyovisikia. Kisha yeye na Tahina wakachimba bustanini, chini ya dirisha langu.

"Linaingiaje huko kwenye boksi lako?" akauliza.

Tahina alifikiri. Akaleta simu ya mezani ya akiba, ambayo haikuwa na jina wala mwenyewe. Wakalipasua shina, wakaisokomeza simu ndani ya ule utomvu wake, wakalifunga kwa shuka la hariri, kama tunavyofunga maiti. Waya mrefu ukatoka kwenye shuka, ukapita dirishani, hadi kwenye kabati. Tahina akaiwasha tena swichi, akauchomeka kwenye tundu la Fasana.

Hakuna kilichobadilika. Kioo changu kilisema vile vile. Baridi ikafika kifuani na nikaanza kupumua vipande vipande.

"Halipokei," akasema Tahina. "Neny, halipokei."

"Halipokei kisichokuwa na jina," akasema Neny.

Nilimwona dirishani. Alipiga magoti kwenye udongo, akainamia lile shuka pale ambapo pangekuwa na sikio, akafunika mdomo kwa kiganja. Alinong'ona kitu kifupi. Akakaa hivyo kwa muda, kama anayesubiri kujibiwa, kisha akaitikia kwa kichwa.

Kioo cha simu yangu kikapepesa. Ofisi.

Damu ilirudi miguuni kwa maumivu makali, nikapiga yowe, wajawazito wa barazani wakadhani nami nazaa. Tahina alicheka na kulia kwa pamoja. Waliukata ule waya, wakalifukia shina, wakashindilia udongo kwa miguu. Neny akaingia ndani na kuomba maji ya ukoko wa wali. Alishika kikombe kwa mikono miwili, hakunywa.

"Umelipa jina gani, Neny?" nikamuuliza.

"La mgomba tu," akasema. "Kanawe, mwanangu. Unanuka."

Jioni Tahina aliniita kwenye kabati. Alikuwa ameniambia hakuna simu inayoweza kuonekana kwenye swichi ikiwa haina umeme wala waya. Ile ya shina ilikuwa inaonekana. Ndiyo pekee ndani ya Fasana, nayo inajibu papo hapo ikiitwa. Kwenye nafasi ya jina, palipotakiwa kuwa wazi kwa sababu hakuna aliyeandika kitu, paliandikwa Razanamalala.

Ni jina la Neny. Alipewa na bibi yake, na nje ya ukoo wetu halijulikani.

Hatukumwambia kwamba tumeliona. Tahina amempigia Daktari magoti ili swichi ile isizimwe wala isibadilishwe kamwe, na Daktari, ambaye aliniona nilivyokuwa siku ile, amekubali bila kuuliza. Kila akipita hapa Tahina huangalia kwanza kama jina lipo, ndipo anisalimie. Siku likitoka sijui litakwenda na nani. Na likiendelea kubaki humo, wakati mwenyewe anatembea jikoni kwangu, sijui tumhesabu hai au mfu.

Maana Neny yuko hai. Nimemhamishia kwangu. Anachambua mchele, anamsema Tahina kwa kukosa mke, anacheka. Ila chakula anakisogeza tu sahanini, na mikono yake haipati joto hata akiiweka juu ya jiko la mkaa. Na kila asubuhi natandua kitanda chake na kukuta udongo mwekundu kwenye shuka, mbichi, wenye unyevu. Milango huwa nimefunga mwenyewe. Nyayo zake huwa safi.

"Fua tu, mwanangu," huniambia.

Juzi nilimkuta amelala ukingoni kabisa mwa kitanda, karibu adondoke. Nikamuuliza kwa nini asilale katikati kama watu.

"Nimewapisha wazee," akaninong'oneza, kama anayeogopa kuamsha mtu.

Alipoinuka nikaondoa shuka ili nikafue, nisimwonyeshe uso wangu. Upande aliolala palikuwa na udongo kidogo, kama kawaida. Upande ule mwingine, ambao hakuna aliyelala, ulikuwa umejaa.