Choo cha Bwana Afya

Kila likizo Damari alikuwa na kazi moja ambayo wenzake wa shule ya bweni hawakuisadiki alipowasimulia. Kazi yenyewe ilikuwa kutangulia njiani. Mama yake, Tusekile, hakwenda chemchemini wala shambani bila Damari kupita mbele na kuchungulia kila kona. Akimwona babu yake, Mzee Eliezeri, Damari alikohoa kwa nguvu. Hapo mama aliacha njia, akaingia migombani, akajifunika kichwa kwa khanga na kugeuka mpaka baba mkwe wake apite. Babu naye alipita huku akitazama upande wa pili.

Ndivyo Wanyakyusa walivyoheshimiana, baba mkwe na mke wa mwanawe. Hawakutazamana usoni, hawakutajana majina, wala mmoja hakugusa kitu alichokitumia mwenzake. Uji wa babu aliupika mama, lakini ulifika kwa mikono ya Damari.

Ilikuwa Desemba ya mwaka 1955, katika kijiji cha Itebe kwenye mteremko wa Mlima Rungwe, upande wa Mbeya. Baba yake Damari, Mchungaji Andendekisye, alikuwa bado kijana. Likizo ya watoto kwake haikuwa likizo. Alizika, alibatiza, alisuluhisha ugomvi wa mipaka, na safari hii alikuwa ameitwa kwenye mkutano wa wachungaji Iringa. Aliahidi kurudi kabla ya Krismasi. Mvua nayo haikuahidi kitu. Ilinyesha mchana kutwa, na barabara ya Iringa ikageuka uji.

Sasa nikueleze jambo la vyoo, maana bila hilo hutaelewa yaliyotokea.

Mwaka uliotangulia, bwana afya wa serikali ya wakoloni alifika Itebe na kamba ya kupimia. Wazee wetu walipangwa mstari juani kama mbuzi wa mnada. Sheria ilisomwa: kila nyumba choo kimoja, na asiyekuwa nacho atatozwa faini. Asiye na fedha ya faini atakwenda kulima barabara. Bwana afya alipima kwa kamba mahali pa kila shimo, urefu na upana, akaandika, akaondoka. Hakumwuliza mtu swali hata moja. Watu wakachimba. Wengi waliyafunika mashimo yao kwa mbao safi, wakayaacha yasubiri ukaguzi. Watoto waliyaita vyoo vya bwana afya.

Choo cha mchungaji, hicho kilitumika. Baba alikichimba kwa mikono yake, akakiezeka vizuri, na bwana afya aliporudi kukagua akakisifu mbele ya kijiji kizima. Baba alifurahi. Naye pia hakuuliza.

Jibu la swali ambalo hawakuliuliza Damari alilijua. Choo kilikuwa na tundu moja, na mama alikitumia. Basi babu angekitumiaje? Kila alfajiri, Damari alipotangulia njiani, alimwona babu akipanda na jembe lake dogo kwenda kwenye migomba iliyo juu ya chemchemi. Alijua anakwenda kufanya nini. Alikohoa, mama akajificha, na hakuna aliyesema kitu.

Shuleni muhula huo mwalimu alikuwa amewafundisha habari za kuhara damu. Alichora kilima ubaoni, akachora mvua, akachora kisima chini yake. Damari aliutazama ule mchoro. Alikuwa amekiona kilima chenyewe.

Alipofika nyumbani likizo, mtoto wa Saulo, jirani yao, alikuwa amekwisha kuzikwa. Alihara damu, akaisha. Na kabla udongo wa kaburi haujakauka, Isakwisa, mdogo wake Damari aliyekuwa ndiyo kwanza anajifunza kusimama kwa kushika kigoda, akaanza kuhara.

"Mama," Damari alisema huku akimwangalia akichota maji mtungini, "tuyachemshe haya maji."

"Haya? Haya ndiyo anayobatizia baba yako! Yana nini?"

Damari alifumbua mdomo. Ataanzaje? Habari za haja ya mkwe, amwambie mke wa mwana? Mama hakuweza hata kulitamka jina la babu, ataweza kusikia hilo?

"Hakuna kitu," alisema.

Ulikuwa uongo, na mama alimpa Isakwisa maji yale.

Siku iliyofuata, Mzee Sedekia, mzee wa kanisa, alikuja kuwapa pole. Alikaa ukumbini, akakunja mwavuli wake taratibu, akamtazama mtoto aliyelegea mgongoni kwa mama.

"Mama Mchungaji," alisema, "samahani, nami ni mtu mzima. Ninyi vijana mliosoma mnaona mila ni mzaha. Mtoto hahari damu bure. Labda umemtazama mkwe wako usoni."

"Sijamtazama, Mzee."

"Labda mlikutana njiani."

"Sijawahi kukutana naye. Mtoto huyu hunitangulia. Muulize!"

Mzee Sedekia hakumwuliza Damari. Watu wakubwa wa wakati ule hawakuwauliza watoto, kama vile serikali ilivyokuwa haiwaulizi watu wakubwa. Alitikisa kichwa, akasema, "Kijiji kinasema." Akaondoka na mwavuli wake.

Mama alisimama palepale. Machozi yalimtiririka. Mama yake, aliyelowa kwa umande kila asubuhi akijificha migombani, leo ndiye anayeambiwa kwamba anamuua mwanawe kwa kukosa adabu!

Asubuhi mama alimfunga Isakwisa mgongoni ili ampeleke hospitali ya misheni, mwendo wa siku nzima kwa miguu. Damari alimsindikiza mpaka barabarani. Gari la mwenye shamba la chai lilikuja likinguruma. Mama aliinua mkono, akageuka ili mtoto aonekane. Dereva alipunguza mwendo, na Damari akashusha pumzi. Lakini mzungu aliyekaa kando ya dereva alisema neno moja, gari likaongeza mwendo, matope yakawarukia mpaka kifuani. Kiti cha nyuma kilikuwa kitupu, Damari alikiona. Nami nimekitaja ili nawe ukikumbuke.

"Rudi nyumbani," mama alisema, akimfuta Isakwisa uso. "Mpikie babu yako. Asilale njaa."

Hata hapo! Damari alimtazama mama yake akipotea kwenye mvua, kisha akarudi mbio. Hakwenda jikoni. Alikwenda moja kwa moja kwenye nyumba ndogo ya babu.

Mzee Eliezeri alikuwa kizingitini, akikwangua udongo kwenye jembe lake kwa kijiti. Ndiyo kwanza alikuwa amerudi kutoka juu.

"Shikamoo, Babu."

"Marahaba, Mwalimu." Alimwita hivyo kwa utani tangu aanze shule ya kati. "Mtoto amekwenda?"

"Amekwenda. Gari limekataa kuwachukua."

"Magari yao hayo," babu alisema, akatema mate. "Uji wangu uko wapi?"

"Leo sina uji, Babu. Nina neno." Alipiga magoti mbele yake. "Shuleni walitufundisha kuhara damu kunatoka wapi."

"Wapi?"

"Kwenye kinyesi. Mvua inakisomba, kinaingia majini, watu wanakunywa."

Kijiti kilisimama juu ya jembe.

"Na kwa nini umekuja kuniambia mimi?"

"Kwa sababu mimi ndiye ninayetangulia njiani, Babu. Namwona kila anayepita."

Babu aliinuka. Alikuwa mtu mrefu, na jembe lilikuwa bado mkononi. "Unajua unasema na nani?"

"Najua."

"Baba yako, na uchungaji wake wote, hajathubutu kuniambia neno kama hilo!"

"Baba hajui."

"Umemwambia nani?"

"Sijamwambia mtu. Nimeanza na wewe." Hapo Damari alianza kulia. "Mama aliniuliza maji yana nini, nikamwambia hayana kitu. Akampa mtoto. Sasa wanasema ni yeye, Babu. Wanasema alikutazama usoni!"

"Nani anasema?"

"Kijiji."

Mvua iligonga majani ya migomba. Babu aliliweka jembe chini. Aliposema, sauti ilikuwa ndogo.

"Ulitaka niingie kwenye lile shimo? Mimi natoka, yeye anaingia, tukutane mlangoni? Ningetazama wapi tena duniani?"

"Sikutaka hivyo, Babu. Ungekuwa na la kwako."

"Hakuna aliyeniuliza." Alitazama juu, kwenye migomba. "Nami sikusema. Nilikuwa nachimba na kufukia, nikadhani inatosha. Mtoto wa Saulo..." Hakumaliza.

Aliingia ndani, akatoka na jembe kubwa. Alipita kando ya Damari bila kumtazama, akateremka hadi chini kabisa ya kiwanja, mbali na chemchemi, akaanza kuchimba.

Saa chache baadaye Mzee Sedekia alipita pamoja na Saulo, baba wa yule mtoto aliyezikwa. Walimkuta babu shimoni mpaka magotini, amelowa chapachapa.

"Mzee Eliezeri!" Sedekia aliita kutoka chini ya mwavuli. "Unachimba kaburi la nani? Mtoto bado hajafa!"

"Nachimba choo changu."

"Choo? Si mnacho kile cha mfano?"

Babu alisimamisha jembe. Alimtazama Saulo, si Sedekia.

"Kile cha mkwe wangu. Mimi naenda juu, kwenye migomba, juu ya maji tunayokunywa wote. Mwanangu Saulo, mjukuu wangu huyu ameniambia kinachoua watoto. Basi mkwe wangu msimtaje tena. Mkitaka wa kumtaja, nipo hapa."

Damari alishika mti. Saulo alikuwa kijana mwenye nguvu, na alikuwa amemzika mwanawe wiki ileile. Alisimama kwenye ukingo wa shimo, mikono imekunjwa ngumi, maji yakimtiririka usoni.

"Baba yangu pia anakwenda huko juu," Saulo alisema hatimaye. "Nyumba yangu nayo ina choo cha bwana afya. Kina mbao safi kabisa." Ngumi zilifunguka. "Nilijua anakwenda wapi. Nani angemwuliza baba yake?"

Akaingia shimoni, akachukua jembe kutoka mikononi mwa mzee. "Pumzika, Baba. Tukimaliza hapa, twende kwangu."

Mzee Sedekia alibaki amesimama. Kisha akafunga mwavuli wake, akauegemeza kwenye mgomba, akavua koti. Kumbe naye alikuwa na mke wa mwana nyumbani, na choo kimoja.

Mchungaji Andendekisye alifika jioni, viatu mkononi. Lori la mbao alilopanda lilikuwa limenasa kwenye tope huko Mafinga tangu juzi, na sehemu kubwa ya njia alikuwa amekuja kwa kubahatisha magari na kwa miguu. Alikuta wazee wa kanisa lake wametapakaa matope, wakichimba. Damari alimweleza yote bila kuficha hata ule uongo wake. Baba alikaa juu ya lundo la udongo.

"Nilihubiri juu ya kile choo," alisema polepole. "Bwana afya aliponisifu nilivimba kichwa. Na baba yangu mwenyewe sikumwuliza."

Hakukaa sana. Aliondoka usiku uleule kumfuata mkewe hospitali.

Siku ya Krismasi, mbele ya kanisa, vyungu vikubwa vilichemka juu ya mafiga, na kila mgeni alikunywa maji yaliyochemshwa. Wengine walilalamika kwamba yana ladha ya moshi. "Afadhali moshi kuliko msiba," Saulo aliwajibu, wakanywa. Baada ya sikukuu, mchungaji na mkewe walirudi. Isakwisa alikuwa amekonda, macho makubwa kama ya bundi, lakini alikuwa mzima, na alikuwa akilia kudai ndizi.

Januari bwana afya akaja na kamba yake. Alitazama, akahesabu, akakunja uso.

"Vyoo viwili kwa nyumba moja? Sheria inasema kimoja. Hiki cha nini?"

"Hiki cha kutumia," babu alijibu. "Wewe ulikuja na kamba ya kupimia shimo, bwana. Mdomo wa kuuliza uliusahau bomani."

Watu waliangua kicheko. Bwana afya alifungua kitabu chake, akakifunga.

Alipokwisha ondoka, babu alikaa kizingitini kwake. Upande wa pili wa ua wa matete, mama alisimama, khanga kichwani, ameupa ua mgongo. Damari alikuwa katikati, kama siku zote.

"Damari," babu alisema, na sauti yake ilikuwa kubwa kuliko ilivyohitajika, "mwambie mama yako kwamba alitukanwa kwa kosa langu. Mwambie nimesema mbele ya watu, na nitasema tena. Mwambie heshima ni nzuri, nami sitaiacha mpaka nife. Lakini heshima inayomziba mtu mdomo wakati maji yanaoza, hiyo ni woga uliovaa khanga ya heshima. Na wewe ukiona hatari, useme, hata kama mwenye kosa ni mimi. Sema kwa magoti kama ulivyosema, lakini sema."

Nyuma ya ua mama aliivuta khanga kichwani.

"Damari," mama alisema, "mwambie babu yako uji wake uko tayari."

Damari hakumwambia yeyote kitu. Wote wawili walikuwa wamesikia. Alikwenda jikoni kuuchukua uji.